Kuhusu Kuondolewa kwa Kopo la Magoti Mtaani Kwetu

Wubbo Harkema
Mtaa wa Elzenhof, Zutphen
Machi, siku ya mvua

Kwa Bwana Floris Hagendijk,
Mkurugenzi wa Mfuko wa Magoti,
Utrecht

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na magoti yako. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika zaidi kuliko la kulia, lakini yote mawili bado yananifikisha dukani na kunirudisha, na kwa umri wangu huo ni ushindi nisiotaka kuudharau.

Ninakuandikia kwa heshima zote, tena kwa kalamu, kwa sababu sehemu ya malalamiko katika tovuti yenu inaruhusu herufi mia tano tu. Mimi nilifundisha jiografia katika shule ya sekondari. Mtu aliyezoea kueleza mito ya Ulaya kwa muhula mzima hawezi kulalamika kwa herufi mia tano. Hata kusafisha koo hazimtoshi.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita Bi Annelot, mratibu wenu wa wilaya, alinipigia simu, tukapanga miadi, akaja saa nne kamili kama tulivyopatana, akanywa kahawa moja, akala biskuti moja, kisha akaniambia kwamba kopo limefutwa. Ile Wiki ya Magoti ya kila Aprili, ambamo sisi watu wa kujitolea tulipita nyumba kwa nyumba na kopo la mchango, haitakuwapo tena. Badala yake kila nyumba itatumbukiziwa stika yenye kimraba cha madoadoa. Mwenye nyumba atakipiga picha kwa simu, ataandika kiasi, na pesa zitakwenda zenyewe.

"Bwana Harkema," aliniambia kwa sauti ambayo madaktari huitumia kabla ya kufunga mlango, "usilichukue kibinafsi. Huu ni mwenendo tu."

Nikamwuliza ni mwenendo wa nani. Akafungua tabuleti yake akanionyesha grafu. Halafu akaomba nimrudishie kopo. Nikamjibu kwamba lipo darini, ngazi za dari ni kali, na mimi, kama Mfuko unavyojua, ni mgonjwa wa magoti. Kopo lilikuwa jikoni nyuma ya keki ya tangawizi. Lingali hapo mpaka sasa, na litabaki hapo mpaka malalamiko yangu yafuatayo yajibiwe, moja baada ya jingine, kwa utaratibu.

Lalamiko la kwanza: kuitwa baiskeli

Ripoti yenu ya mwenendo wa utoaji, ambayo Bi Annelot aliniachia mezani, imetugawa watoaji wa nchi hii katika makundi manne kwa umri, na kila kundi limebatizwa jina la baiskeli. Walio chini ya miaka thelathini na mitano ni Baiskeli ya Kukodi. Wenye watoto wadogo ni Baiskeli ya Kasha, ile yenye kasha mbele la kubebea watoto. Wale ambao watoto wameondoka na nyumba imekwisha kulipiwa ni Baiskeli ya Umeme. Na sisi tuliovuka sabini, wake kwa waume, ni Baiskeli ya Bibi.

Mheshimiwa, mimi ni mwanamume. Tena baiskeli yangu ni ya umeme, ina gia nane, na naomba hilo lirekebishwe katika kumbukumbu zenu. Lakini jina ningelivumilia. Lililonichoma ni maelezo yaliyoandikwa chini ya picha: "Kundi hili ni aminifu, hutoa sarafu mlangoni, haliwezi kuhamia njia za kidijitali, na linapungua kwa njia ya asili."

Ninajua maana ya kupungua kwa njia ya asili. Nimeifundisha. Ndivyo fukwe zinavyoliwa na bahari. Nilimwonyesha jirani yangu Bwana Kuipers, mtu mwenye mbwa mmoja na maoni mengi, akasoma mara mbili kisha akanirudishia karatasi. "Mwalimu," akasema, "hawa wametuita maiti, ila kwa adabu."

Mimi binafsi sijapungua. Tangu Krismasi nimeongezeka kilo mbili.

Lalamiko la pili: kile kimraba

Sikutaka kuwa mtu wa kukataa jambo kabla ya kulijaribu. Stika yenu ya majaribio ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo mwishoni mwa mtaa, basi mimi na Bwana Kuipers tukaenda na simu yake, mbwa akiwa shahidi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Bwana Kuipers alivaa miwani, akavua miwani, akapiga picha, simu ikatoa mlio wa furaha, akaandika yuro tano akabonyeza.

"Haya, magoti yamepona," akasema.

Tulipofika nyumbani tukagundua kwamba nguzo ile ina vimraba viwili. Cha juu ni chenu. Cha chini ni cha manispaa. Bwana Kuipers alikuwa amelipia maegesho ya gari, na gari hana. Alikasirika hata mbwa akakaa chini. "Lete kopo, Mwalimu!" alinifokea, kana kwamba nguzo ile niliisimamisha mimi. "Nitumbukize sarafu yangu, nisikie inaanguka, nirudi kwenye supu yangu. Huu ni mchango au ni mtihani?"

Kwa hiyo katika jambo moja ninakubaliana na ripoti yenu, na ninalisema bila woga wowote: wazee hatutoi kwa simu. Hatujawahi, hatuwezi, na hatutaki. Ukiondoa kopo umetuondoa sisi. Ushahidi wangu mkubwa katika jambo hili ni Bi Roelvink wa namba ishirini na mbili, ambaye kila Aprili hunisubiri na sarafu zake zimepangwa tayari katika kisahani kwenye rafu ya mlangoni. Huyo ndiye mtoaji wa sarafu kamili. Mkitaka kutuweka katika jumba la makumbusho, mtaanzia kwake.

Lalamiko la tatu: kengele

Hapa naomba uniruhusu nieleze kwa kirefu, kwa kuwa nyinyi mnakaa Utrecht, mji mkubwa, ambako pengine watu hugongeana milango ovyo.

Mtaani kwetu hakuna anayekwenda kwa mtu bila miadi. Mapazia yako wazi, ndiyo. Nikipita jioni namwona kila mtu na sahani yake. Najua nani anakula viazi na nani ameanza kula peke yake. Tunapungiana mikono kupitia vioo. Lakini kengele hatugusi. Kengele ikilia bila miadi, mtu wa Elzenhof anafikiria mambo mawili tu: kifurushi au msiba. Ukitaka kuonana na mtu unampigia simu, mnafungua kalenda, mnatafuta siku. Na ili umpigie lazima uwe na sababu. "Nilitaka tu kukuona" haihesabiki kuwa sababu. Nimejaribu kuitamka sentensi hiyo mbele ya kioo cha bafuni, ikanishinda.

Isipokuwa wiki moja katika mwaka. Katika Wiki ya Magoti, nikiwa na kopo mkononi na kitambulisho chenu shingoni, nina haki ya kubonyeza kengele yoyote. Hakuna anayeshtuka. Watu hufungua mlango huku wanatafuna. Bwana Kuipers hunipokea kila mwaka kwa maneno yale yale: "Mwizi amekuja!" Na mimi humjibu, "Nimekuja, na mwaka jana uliniibia wewe, ulitia kifungo cha koti." Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote ya mwaka mzima, Mheshimiwa, na baada yake kila mmoja wetu hutembea kwa siku kadhaa akiwa mwepesi.

Kisha nafika namba ishirini na mbili.

Bi Roelvink alikuwa mchora ramani katika idara ya maji kabla ya kustaafu. Mumewe alifariki mwaka mmoja baada ya mke wangu. Yeye anaujua mto IJssel kwa kuuchora, mimi naujua kwa kuufundisha, na inawezekana kabisa kwamba hakuna watu wengine wawili mjini hapa wanaoweza kusimama mlangoni, mmoja ndani na mmoja nje, wakauzungumzia mto huo bila mmoja wao kutazama saa.

"Mto umepanda, Bwana Harkema," yeye husema.

"Umepanda, Bi Roelvink, lakini mwaka juzi ulipanda zaidi."

"Na magoti?"

"Nayo yanapanda na kushuka."

Hapo hucheka. Halafu huanza kutumbukiza sarafu, moja moja, polepole, na kati ya sarafu moja na nyingine hukumbuka jambo la kuniambia. Nyumba nyingine zote za mtaa huu, ukiziweka pamoja, hazinichukulii muda kama mlango huo mmoja. Ninalitaja hili kwa ajili ya takwimu tu.

Mwaka juzi mvua ilikuwa kubwa. Aliniangalia nilivyolowa akasema, "Ungeingia ndani angalau koti likauke." Na mimi, Mheshimiwa, nilikumbuka Mwongozo wa Mchangishaji, ule mliotuchapishia nyinyi wenyewe, unaosema kwamba mchangishaji haingii katika nyumba ya mtoaji kwa hali yoyote. Nikamwambia, "Siruhusiwi, niko kazini."

Akasema, "Basi, kazi njema."

Nimeyageuza maneno hayo matatu kichwani kwa miaka miwili sasa. Siwalaumu. Ila nataka mjue kwamba kanuni yenu ina mtu wa kuilipia.

Sasa Aprili inakuja. Kopo likiondolewa, nitapita mbele ya namba ishirini na mbili kama mtu mwingine yeyote, nitampungia mkono kupitia kioo, naye atanipungia, na hiyo ndiyo itakuwa hali yetu mpaka mmoja wetu apungue kwa njia ya asili. Tafadhali itazame hasara hiyo, kisha uitafute katika grafu yenu. Mimi nimeitafuta. Haimo.

Lalamiko la nne: vijana wasioonekana

Sasa nafika kwenye sababu ya maovu yote. Kwa mujibu wa ripoti, Baiskeli ya Kukodi, yaani vijana, wamekuwa watoaji wakubwa wa magoti, nao wanatoa kwa simu, kila mwezi, bila kukosa. Na mahali ambapo mwenendo huo umeonekana waziwazi kuliko pote katika mkoa wetu ni katika namba yetu ya posta. Mstari unakwenda tambarare kama nchi yetu, halafu ghafla unasimama wima kama milima ya Uswisi. Bi Annelot alinipongeza. "Mtaa wenu umejaa vijana, Bwana Harkema! Hongereni sana!"

Mheshimiwa, mtaa wetu ninaujua. Kuna vijana wawili, wanafunzi wa chuo, wanaokaa juu ya duka la mikate. Nilipanga nao miadi. Yule mrefu alinisikiliza kwa heshima, kisha akamtazama mwenzake, wakaangua kicheko. "Mzee wangu, sisi? Tuchangie magoti? Sisi hata chumvi tunaazima." Nikawauliza kama wanamfahamu kijana mwingine yeyote hapa mtaani. Wakasema labda mbwa wa Bwana Kuipers.

Basi wako wapi? Nimewaza sana. Kuna kundi la vijana wanaoishi katika namba yetu ya posta, wasioonekana dirishani, wasionunua mkate, wasioegesha baiskeli, lakini kila mwezi wanatoa pesa kwa ajili ya magoti ya wazee, na hatimaye wametupokonya kopo letu. Sijui nia yao ni nini. Na tuseme kweli, kijana wa miaka ishirini na tisa anatafuta nini katika goti langu? Ana ya kwake mawili, na yote yanakunjika. Akatoe kwa ajili ya nyangumi. Akatoe kwa ajili ya misitu, au chunusi. Zamani kila mtu alitoa kwa ajili ya ugonjwa aliokuwa nao, au aliokuwa nao mama yake, na mambo yalikwenda kwa haki. Siku hizi watu wanajitoza kwa magonjwa ya watu wengine bila hata kuulizwa.

Lalamiko la tano: tiba

Hili naliandika kwa aibu kidogo, lakini nikilinyamazia nitakuwa sikueleza vyote. Katika ukurasa wa mwisho wa ripoti mmetangaza kwa herufi kubwa kwamba watafiti wenu wanakaribia kukuza gegedu mpya, ule mfupa laini wa gotini, katika maabara, na kwamba huenda kizazi kijacho kisijue kabisa maumivu ya goti.

Hongereni. Lakini je, kuna mtu aliyekaa akafikiria matokeo yake? Magoti yakipona, Mfuko utafungwa. Mfuko ukifungwa, wiki yetu ya Aprili watapewa watu wa ugonjwa mwingine, wenye makopo yao na wachangishaji wao, na mtu mgeni kabisa ndiye atakayesimama mbele ya mlango wa namba ishirini na mbili. Pengine mtu wa figo. Sina ugomvi na watu wa figo, lakini mto hawaujui.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo, na nadhani utakubali kwamba si makubwa.

Naomba kopo lirudishwe. Ikiwa tatizo ni gharama ya kuhesabu sarafu, basi liwe kopo lisilo na tundu. Nitapita nalo tupu, watu watafungua milango, na mimi nitawatumia kutoka mfukoni mwangu kile ambacho mtaa ungetoa. Naomba pia Wiki ya Magoti iwe kila mwezi, au, kama ratiba ya taifa hairuhusu, iwe kila Alhamisi katika mtaa wetu peke yake. Naomba vijana wasiruhusiwe kutoa mpaka walete cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba goti linawauma. Naomba ile kanuni ya kutoingia ndani ilegezwe, si kwa nchi nzima, maana hilo lingeleta fujo, bali kwa nyumba moja yenye mlango wa kijani, siku za mvua. Na kuhusu maabara, siombi kazi isimamishwe. Naomba tu watafiti wasikimbie. Waende likizo zao. Wanywe kahawa ya pili.

Ninakuaga kwa heshima, nikiwa nimesimama, jambo ambalo kwa magoti haya linapaswa kupokewa kama dalili ya adabu. Nisalimie Bi Annelot, ambaye simlaumu kwa lolote na ambaye aliinua miguu vizuri alipopita kwenye zulia langu. Wasalimie wahasibu wenu. Msalimie yule anayepokea simu, na yeyote aliyechagua wimbo wa zumari ambao mtu huusikiliza kabla hajapokewa. Wasalimie watafiti, na uwaambie wajitunze. Na yule aliyebuni majina ya baiskeli, naye msalimie, ila kwa ufupi.

Mimi wenu katika magoti,
Wubbo Harkema
Mwalimu mstaafu, mchangishaji wa Elzenhof na vichochoro vyake

Nyongeza:

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, imenibidi niifungue kwa mvuke wa birika. Naomba radhi kwa mikunjo.

Kengele ililia. Sikuwa na miadi na mtu yeyote. Kifurushi sikuwa nimeagiza, kwa hiyo nilikwenda mlangoni nikijiuliza ni nani amefariki. Alikuwa Bi Roelvink, amesimama kwenye mvua na stika yenu mkononi.

"Nimeletewa hii," akasema. "Maana yake mwaka huu huji."

Nikasema ndiyo, maana yake ni hiyo.

"Basi nimekuja mimi."

Mheshimiwa, nilifundisha watoto kwa miaka mingi na sikuwahi kukosa la kusema. Jambo pekee lililonitoka kinywani lilikuwa, "Una miadi?"

"Sina," akasema. "Unanifukuza?"

Aliingia. Koti lake nikalitundika. Nilimsomea barua hii yote, maana ilikuwa mezani na sikujua tuzungumzie nini kabla ya kufika kwenye mto. Alisikiliza vizuri mpaka lalamiko la nne. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, nikadhani nimwite daktari.

"Wubbo," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Hao vijana ni sisi."

Nikamwomba aeleze. Akaeleza. Yeye na wanawake wenzake wote wa kwaya ya Jumatano wanatoa kwa simu, kila mwezi, tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga akaona amepata muda wa kujifunza. Ukijiandikisha, simu inakuuliza mwaka wa kuzaliwa, na mwaka hauandikwi, unauzungusha kwa kidole kwenye kigurudumu kinachoanzia mwaka huu kurudi nyuma. "Wewe jaribu kuzungusha mpaka elfu moja mia tisa arobaini na saba na vidole hivi," akaniambia. "Kidole kinakufa ganzi. Mimi nilipofika tisini na tano nikaona inatosha. Gesina wa sauti ya pili hakuzungusha kabisa. Yeye ana miezi mitatu." Akafuta machozi. "Ndiyo maana kila mwezi wanatutumia tiketi za nusu bei za matamasha ya muziki wa kelele."

Nikamwuliza, kama alikuwa analipa kila mwezi, kwa nini Aprili alikuwa akilipa tena kwa sarafu.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyekaa darasani muhula mzima asisikie lolote. "Ningekuambia nimeshalipa, ungesema asante ukaenda namba ishirini na nne."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba ufute lalamiko la pili, kwa kuwa wazee tunatoa kwa simu kuliko watu wote. Futa la tatu, kwa kuwa kengele inalia hata bila kopo. Nimeisikia kwa masikio yangu. Futa la nne, kwa kuwa vijana nimewaona, mmoja wao anakunywa kahawa hapa na amechukua biskuti ya pili bila kuulizwa. La tano ndilo naomba ufute haraka kuliko yote: waambie watu wa maabara waache likizo. Kukikauka tunataka kutembea juu ya tuta la mto mpaka mji wa Deventer, na kwa magoti haya tutafika Warnsveld tu, hapa jirani, ambako si upande wenyewe. La kwanza libaki. Baiskeli yangu ni ya umeme.

Sijui mtafanya nini na ile grafu. Sisi tumeshauriana, tumeona tusirekebishe tarehe za kuzaliwa, maana Gesina amezizoea zile tiketi. Mimi nami nimejiandikisha sasa hivi, kwa simu ya mgeni wangu na kwa usimamizi wake. Kidole kilichoka mwaka themanini na tisa. Tafadhali nihesabuni pale panapostahili.

Bi Roelvink, ambaye ameniamuru nimwite Hille, anasema barua hii haina haja tena ya kutumwa. Ni kweli kabisa. Lakini stempu nimeshaibandika.